Dada Aliyekataa Kuifungua Kompyuta

Habari za kifo chake zilinikuta kwa fundi viatu, Jumanne mchana, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mikononi mwa fundi. Aliyepiga simu ni mdogo wake wa kike, ambaye sauti yake sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi, na kwa adabu ya kwao Mpimbwe hakuanza na msiba. Alinisalimu, akauliza hali ya watoto, akauliza kama bado naandika gazetini, na kila swali lilivyozidi kuwa la kawaida ndivyo nilivyozidi kujua kwamba kuna jambo. Mwishowe akasema, "Kaka, dada yako ametutoka. Alirudi kutoka kuangalia mpunga, akajilaza mchana, hakuamka." Nikauliza kama aliugua. Akanijibu kwamba presha ilikuwa ikimsumbua tangu alipostaafu, lakini asubuhi ile alikuwa amekunywa uji wake vizuri na kuwagombeza vibarua kama kawaida. Fundi alinitazama usoni, akapunguza sauti ya redio yake bila kuombwa.

Katika safu hii sina desturi ya kutaja majina ya watu waliotangulia mbele ya haki, na leo desturi hiyo inafaa kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu marehemu alifanya kazi ya kulinda majina ya watu. Nilimfahamu miaka ya tisini, Katavi ikiwa haijawa mkoa na Mpanda ikiwa wilaya ya mbali ya Mkoa wa Rukwa, mahali ambapo mtumishi aliyehamishiwa kutoka Dar es Salaam aliagwa na wenzake kama anayekwenda jela. Tulifanya kazi katika ofisi ndogo ya shirika la misaada lililowahudumia wakimbizi kutoka Burundi. Walikuwapo wa zamani, waliofika tangu miaka ya sabini, wenye mashamba yao ya mahindi na tumbaku na watoto waliozaliwa hapa hapa. Na walikuwapo wapya, waliovuka baada ya mapigano kuanza tena kwao, ambao wengine walifika na khanga moja mwilini na mtoto mgongoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za wafadhili. Yeye aliletwa kusimamia kompyuta. Alikuwa binti wa wakulima wa mpunga, aliyesomeshwa na wazazi Wakatoliki waliouza ng'ombe ili afike chuoni, na alirudi na taaluma ambayo mjini kwetu wakati ule haikuwa na jina linaloeleweka. Watu walisema tu, "Yule dada wa mashine."

Vijana wanaonisoma leo wanaweza wasielewe kompyuta ilikuwa kitu gani kwetu. Zilikuja tatu, kwa treni, zikawekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya maharage, na kwa miezi mingi chumba kile kiliendelea kunuka maharage. Tuliingia peku, kwa sababu ya vumbi. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta na ulikuja kwa saa zake, kwa hiyo foleni ya kutumia mashine ilikuwa kama foleni ya kisimani wakati wa kiangazi. Kazi tulizihifadhi kwenye disketi, zile sahani nyembamba ndani ya ganda la plastiki, na kila mtu alitembea na yake mfukoni, akiipeleka ofisi za marafiki, akinakili barua, akinakili michezo. Wiki yake ya kwanza alituita wote, kuanzia mkuu hadi dereva, akatueleza kwamba kuna maradhi yanayoambukiza kompyuta kupitia disketi, na kwamba mashine yenye virusi inaweza kufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa kisha ikafuta kila kitu siku moja. Dereva akauliza kama na watu wanaweza kuambukizwa. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, alimjibu taratibu kwamba watu hawaambukizwi, lakini mtu ambaye jina lake limefutika kwenye orodha ya chakula naye ataumwa.

Baada ya hapo akaweka utaratibu wake. Pale mlangoni paliwekwa sanduku la mbao, na kila disketi iliyotoka nje ya ofisi iliachwa humo. Mashine ya dirishani haikuunganishwa na nyingine wala haikutunza kitu, kazi yake ilikuwa kupima disketi tu, kwa programu aliyotumiwa na wenzake wa Dar es Salaam kila walipopata mpya. Kila mfanyakazi alipewa neno lake la siri, na kila mmoja aliweza kufungua yale tu yaliyohusu kazi yake. Mtu wa stoo aliona magunia na mafuta, mganga aliona chanjo, mimi niliona jumla za hesabu bila jina la mtu hata mmoja. Majina, na mahali kila familia ilipopangiwa kuishi, aliyafungua yeye peke yake pamoja na karani mmoja wa uandikishaji. Aliyebandika neno la siri kwenye kioo cha kompyuta alilikuta limebadilishwa, na ilimbidi aende kuomba jipya akiwa amesimama mbele ya wenzake. Hata disketi zake mwenyewe alizitia kwenye sanduku zisubiri zamu. Siwezi kusema tulimpenda. Mganga wetu alisema waziwazi, "Huyu anatuona wezi." Wengine walisema anajiona kwa sababu ya Dar es Salaam.

Mkuu wetu alikuwa mwalimu wa zamani mwenye moyo laini, mtu aliyejua watoto wa kila mlinzi wanasoma darasa la ngapi. Mara moja alirudi kutoka mkutanoni Sumbawanga na disketi yenye taarifa ya mwaka, aliyoiandika huko kwa mashine ya rafiki yake, na treni iliyopaswa kuibeba taarifa hiyo ilikuwa inaondoka siku ile ile. Alipofika mlangoni dada alinyoosha mkono.

"Mzee, naomba ipite dirishani kwanza."

"Binti yangu, hii imetoka mkononi mwangu mwenyewe."

"Wewe nakujua, mzee. Disketi sijui ililala wapi."

Ilipimwa, ikakutwa na virusi, na programu iliyokuwapo haikuweza kuisafisha. Mkuu alisihi, kisha akapandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Dada akabaki amesimama palepale, mikono nyuma, hadi alipomaliza. Treni ikaondoka bila taarifa. Mimi na mkuu tulikaa jioni ile tukiiandika upya, yeye akisema na mimi nikiandika kwa kalamu, akiguna kila alipokumbuka sentensi nzuri iliyobaki ndani ya disketi. Baadaye tulisikia kwamba ofisi ya rafiki yake ilipoteza kazi zake zote. Mkuu hakulizungumzia tena, ila toka hapo disketi zake alizitia sandukuni mwenyewe kabla ya kuvua viatu.

Ningeweza kuishia hapo na mngemkumbuka kama mfanyakazi mwangalifu. Lakini virusi vilikuwa sehemu nyepesi ya kazi yake. Iliyokuwa nzito ni ile ya watu, kwa sababu kwetu kumwambia mtu mzima kwamba haruhusiwi kujua jambo ni sawa na kumnyima maji ya kunywa. Mji ulikuwa mdogo. Tulisali pamoja, tulizikana, tulikopeshana chumvi. Mtu akiulizwa "wewe ni nani na unataka nini" anahisi ametukanwa, na anayeuliza anaonekana hana malezi. Dada alilijua hilo vizuri, maana alizaliwa mahali palepale, na nadhani ndiyo sababu uso wake ulikuwa umekaza muda wote. Alikuwa anazuia jambo ambalo malezi yake mwenyewe yalimwambia alitoe.

Kiangazi kimoja alikuja mgeni. Alikuwa mrefu, nadhifu, Kiswahili chake kizuri chenye lafudhi ya Kirundi, na mkono wake wa kushoto ulikosa kidole kimoja. Alisema anamtafuta mjane wa ndugu yake aliyevuka na watoto wawili, kwamba familia imempa jukumu la kuwalea watoto hao, na kwamba amepita kambi nyingi bila mafanikio. Aliongea hadi mkuu wetu akatoa kitambaa akafuta macho. Akamwagizia chai, akamwita dada.

"Mtafutie shemeji yake, binti yangu. Andika jina, uone amepangiwa kijiji gani."

"Siwezi kuifungua kwa ajili hiyo, mzee."

"Kwa nini? Si jina limo humo?"

"Limo au halimo, ruhusa si yangu. Si yako pia. Ni ya huyo anayetafutwa. Akiwapo, ataulizwa yeye kwanza."

Mkuu akamwambia basi aandike neno lake la siri kwenye karatasi ampe, amtafute mwenyewe. Dada akasema kwa upole kabisa kwamba ataandika, lakini kwanza ataandika barua ya kuacha kazi. Mgeni alikuwa akisikia yote, kikombe mkononi. Mkuu aliona aibu mbele ya mgeni, na aibu ya mkuu mbele ya mgeni ni jambo kubwa ofisini. Dada alipokwisha kuangalia kijiji peke yake, mkuu akaniamuru mimi nifuatane naye kwenye lori la mahindi lililokuwa linakwenda kwenye makazi ya wakimbizi, nadhani ili ajue kweli tumefika.

Tulimkuta mjane akipukuchua mahindi nyuma ya nyumba yake ya nyasi. Dada alichuchumaa mbele yake, akamwambia kuna mtu anamtafuta, kwamba hajaambiwa kama yupo, na kwamba amekuja kumuuliza yeye kwanza. Mwanamke akauliza mtu huyo yukoje. Dada akamweleza. Alipofika kwenye kidole, yule mama aliacha kupukuchua, gunzi likabaki mkononi.

"Huyo ni shemeji yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha kujikongoja. "Huyo ndiye nilimkimbia."

Nilisubiri dada amuulize kisa. Hakumuuliza. Alisema tu, "Basi hakuna aliyekuulizia, na mimi sikufika hapa." Akamsaidia kupukuchua hadi lori lilipopiga honi.

Tuliporudi mgeni alikuwapo, amekaa barazani na mkuu kama watu waliosoma pamoja. Dada akamwambia, "Ndugu yangu, ofisi hii haina jibu la kukupa." Mgeni akauliza, "Yupo au hayupo?" Akajibu, "Hilo ndilo jibu nisilokuwa nalo." Mgeni alipoondoka, mkuu alimgombeza dada. Angalau angemwambia hayupo, mtu wa watu aende zake, kuliko kumwacha ananing'inia. Dada akamwambia, "Mzee, nikimwambia huyu hayupo, halafu kesho nikamwambia mwingine sina jibu, huyo wa kesho atajua kwamba anayemtafuta yupo. Wote lazima nisiwe na jibu." Ya mjane dada hakumwambia mkuu, na mimi nilipotaka kusema alinikanyaga mguu.

Mgeni hakuondoka Mpanda. Alipanga chumba, akazoeana na watu, na akawa anakula mchana na yule karani wetu wa uandikishaji. Asubuhi moja dada aliwasha mashine ya majina na kukuta kitu. Alikuwa ameandika programu ndogo, yeye mwenyewe, iliyotunza kumbukumbu ya kila aliyeifungua mashine na kila aliyejaribu kuifungua akashindwa. Ilionyesha kwamba mchana wa jana yake, sisi tukiwa tumekwenda kula, mtu alikuwa amejaribu maneno ya siri, moja baada ya jingine, na yote yalikataa. Dada alipata bahati, kwani wiki hiyo hiyo alikuwa amebadilisha maneno yote na karani alikuwa hajachukua lake. Hakupiga kelele wala kuita mkutano. Alimfuata karani uani, mahali tulipokuwa tunanawa mikono, akamuuliza mbele yangu, "Kaka, jana ulikuwa unatafuta nini?"

Karani hakukana. Alisimama na maji yanamdondoka vidoleni. "Nilimhurumia," akasema. "Analia kila siku mezani, dada. Ni watoto wa marehemu ndugu yake. Nyie hamumsikii anavyolia."

"Namsikia."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu anayelia kwako ni yeye tu. Yule mwingine yuko mbali, hana nafasi ya kuja kulia hapa."

Mkuu alitaka kumfukuza karani. Dada ndiye aliyemwombea abaki, akisema mtu aliyeponzwa na huruma anaweza kufundishwa, ila akamtoa kwenye chumba cha majina na kumpeleka stoo. Siku hiyo ndipo alipomweleza mkuu, kwa faragha, nini kilikuwa upande wa pili wa ile huruma. Mgeni alitoweka mjini wiki ileile. Sijui alikwenda wapi, na mjane alihamishiwa kijiji kingine. Kuanzia hapo hakuna aliyemcheka tena dada wa mashine. Walinzi walianza kuwasimamisha hata wachungaji. Mkuu wetu, kama wafanyavyo watu wenye moyo laini wakishaumwa, akawa mkali kuliko yeye.

Nasikia wasomaji wengi wanapenda hadithi iishie hapo, aliyekuwa sahihi ameonekana kuwa sahihi. Mimi mwenyewe kwa muda nilidhani imeishia hapo.

Masika iliyofuata alikuja kijana mmoja, mwanafunzi wa seminari aliyevukia upande mwingine wa ziwa na kutengana na mama yake. Alikuwa amesikia kutoka kwa watu wa kwao kwamba mama ameletwa Mpanda, na kwamba anaumwa. Alikuwa mkimya, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu, na familia moja ya kanisani ilimpa mahali pa kulala mtaani Nsemulwa. Mkuu alimsikiliza, akamwambia utaratibu. Kijana akamgeukia dada.

"Dada, ni mama yangu. Mama anaulizwa kama anamtaka mwanawe?"

"Najua inauma. Akiwapo, nitakwenda mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Lori la kwanza likipita."

Lakini mvua ilikuwa imeikata barabara ya kwenda makazini, ng'ambo ya Sibwesa, na malori yalikuwa yamelala kwenye tope. Kisha dada akashikwa na malaria, ile ya kutetemesha kitanda. Nilikwenda kumwona, nikamwambia niko tayari kwenda badala yake, kwa baiskeli hadi inapoishia, kisha kwa miguu. Alikataa. Nikamwambia basi tumpigie mtu wa makazi kwa redio ya mawasiliano. Alikataa pia, kwa kuwa redio ile ilisikilizwa na vituo vyote, na yeyote aliyekaa karibu na spika angelisikia jina. Yote mawili yalikuwa na mantiki. Alisema, "Nipe siku chache nisimame." Kila asubuhi kijana alikuja, akaketi kwenye benchi nje, akamsalimu kila aliyepita, na mchana akaondoka. Hakulia hata mara moja. Dada alipoweza kusimama aliondoka akiwa bado anatokwa jasho, kwa trekta la mkulima mmoja wa Mwamkulu aliyekuwa akipeleka mbegu, kisha kwa miguu. Alipofika, mama alikuwa ameshazikwa.

Alirudi na kunipitia ofisini, hakutaka kwenda peke yake. Kijana alikuwa uani kwa wenyeji wake Nsemulwa, akiwasaidia kupasua kuni. Alipotuona aliweka shoka chini.

"Ulimkuta?"

"Nimekuta kaburi, mdogo wangu. Amezikwa juzi."

Kijana alikaa juu ya gogo. Mama mwenye nyumba akaanza kulia jikoni. Kijana akauliza, "Alijua kama nipo hapa?"

"Hapana."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Hakuna."

"Ningekwenda kwa miguu," akasema. "Mngeninyooshea kidole tu, huku au huku, ningefika."

"Najua."

Nilitegemea dada atajitetea, kwamba kuna mjane fulani yu hai kwa sababu ya utaratibu huohuo, kwamba barabara ilikatika, kwamba aliumwa. Badala yake alikaa chini ardhini, karibu na miguu ya kijana, na akabaki hapo hadi wenyeji walipoleta maji. Kijana hakumsamehe. Alibaki Mpanda miaka kadhaa akifundisha shule moja ya msingi, na mara nyingi tulipishana naye sokoni. Mimi alinisalimu. Dada alimsalimu yeye kwanza kila walipokutana, na kijana alipita akitazama mbele. Yule dada hakuacha kumsalimu, na hakuwahi kumlaumu kwa kutoitikia.

Nilimuuliza, baada ya majonzi kupoa kidogo, kama sasa ataulegeza utaratibu. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi kwa brashi ya rangi, kazi aliyoifanya kila jioni kabla ya kufunga. "Utaratibu haukukosea," alisema. "Ungekuwa umelegea, shemeji wa yule mjane angefika kabla ya huyu. Kilichokosea ni mimi kufikiri kwamba unaanzia kwangu na kuishia kwangu. Niliwanyima nyie wote kwa sababu sikumwamini mtu, nikasema naogopa virusi na wezi. Malaria sikuiweka kwenye hesabu." Sijawahi kusikia mtu akijipima hivyo bila kujionea huruma.

Hakuulegeza. Aliubadilisha. Alimshawishi mkuu atoe baiskeli, akachagua katika kila kijiji cha makazi mtu mmoja anayeaminiwa na wenzake, wengi wao wakiwa wanawake wa jumuiya za kanisa, akawafundisha kazi moja tu, kumpelekea mtu swali na kurudisha jibu. Redioni aliwapa namba badala ya majina, na namba hiyo haikumaanisha kitu kwa aliyeisikia. Aliyepeleka swali hakujua anayeuliza amefikia wapi, na aliyekuwa mjini hakujua kijiji jibu lilikotoka. Alimrudisha hata yule karani kutoka stoo akamfanya msaidizi wake, akampa neno lake la siri na kumwambia kwamba siku yeye akilala kitandani, swali la mtu lisilale naye. Niliona ndugu wakikutanishwa barazani pale kwa njia hiyo, na niliona pia watu wakiambiwa hatuna jibu, wakaondoka wanatulaani. Dada hakuangalia wale wa kwanza kwa furaha sana wala wale wa pili kwa hasira. Aliuliza tu, kila mara, imechukua muda gani.

Baadaye shirika lilifunga ofisi yake, kompyuta zikapakiwa, naye akafanya kazi miji mingine hadi alipostaafu na kurudi Mpimbwe kulima mpunga wa wazazi wake. Mara ya mwisho tulipoonana alinicheka kwa simu yangu kubwa isiyokuwa na hata neno la siri. Nilimwambia sina cha kuficha. Akanijibu, "Wewe huna. Waliokuandikia humo je?" Jioni ile mwanangu alinionyesha namna ya kuifunga.

Nimelifikiria jibu lake tangu nilipopata habari za msiba. Leo ofisi zetu zina kompyuta kila meza, na kila mfanyakazi ana nyingine mfukoni. Nimewahi kusimama dirishani katika hospitali moja nikasikia ugonjwa wa mtu nisiyemjua ukisomwa kwa sauti. Nimewahi kuona picha ya hati ya kiwanja ikizunguka katika makundi ya simu kabla mwenye kiwanja hajajua hati yake iko tayari. Nikiuliza, naambiwa aliyetuma hakuwa na nia mbaya, aliombwa na mtu anayemfahamu. Hapo namkumbuka karani wetu na maji yanayodondoka vidoleni mwake. Na kuna upande wa pili, ambao nao naukuta kila wiki, mtumishi aliyejifunza kusema "mfumo hauruhusu" na akajifunza hilo tu. Ameifunga mashine vizuri, hakuna atakayeiba kitu, naye amekwenda kunywa chai huku mtu amekaa kwenye benchi nje.

Marehemu alikutana na pande hizo mbili katika mwaka mmoja, na wa pili ilimgharimu salamu ya mtu mmoja hadi alipohama mji ule. Funzo ninalolichukua kwake si jepesi, na sidhani alitaka liwe jepesi. Tukikabidhiwa mambo ya watu tuyafunge barabara, hata mkuu akikasirika, hata mgeni akilia. Lakini tukishafunga, ule muda ambao mtu anasubiri nje unakuwa mzigo wetu, na hatuna ruhusa ya kuutua hadi tumpelekee jibu.